Tanuri la Mkaa kwenye Barua ya Skola

Ukurasa huu nimeunakili kutoka daftari langu la mwaka 1984, nilipokuwa mwalimu wa fizikia Shinyanga. Nimebadilisha majina tu. Aibu nimeiacha ilivyo.

Jumamosi, Oktoba. Joto limeanza kabla ya chai. Mawingu yamekuja mpaka juu ya mapaa ya mtaa wetu wa Kambarage, yamekaa kidogo, yamegeuka. Kila mtu mtaani amenuna, na mimi nimenuna kuliko wote.

Naandika haraka, kabla sijajitengenezea sababu.

Nina wivu. Nimeliandika neno lenyewe ili nisilizunguke. Si wivu wa kugombea mwanamume. Ninamwonea wivu Skolastika, Skola, mwenzangu niliyefundisha naye miaka minne kwenye shule hii ya wasichana. Tulipika chungu kimoja. Sabuni ilipoadimika madukani tuligawana kipande kwa kisu. Sasa yuko Ulaya anasomea nyota. Nafasi ilikuwa moja, tukaomba wawili. Chuoni nilimshinda fizikia kila mtihani, lakini kwenye usaili mimi nilijibu maswali, yeye alizungumza. Wakamchukua aliyezungumza.

Tangu aondoke, vipindi vyake vyote nimepewa mimi. Mkuu wa shule amebandika picha yake kwenye ukuta wa chumba cha walimu: Skola ndani ya koti refu, nyuma yake jengo jeupe la paa la mviringo ambamo wameweka darubini. Nimehamisha kiti changu ili niipe picha mgongo. Hakuna aliyeuliza. Labda wameelewa.

Barua yake ilifika mwezi wa nane. Nilijua ndani ya bahasha kuna barua mbili, yangu na ya mama yake, maana ndivyo tulivyopatana. Mama yake anakaa Ushirombo, hajui kusoma, na hataki katekista amsomee, kwa kuwa mambo ya nyumbani kwake yangefika kanisani kabla yake. Kwa hiyo barua zije kwangu, mimi nimpelekee habari kwa madereva wa malori, naye aje nimsomee.

Sikuifungua. Wala sikupeleka habari. Niliiweka chini ya madaftari ya kidato cha pili nikajiambia nitaifungua nikimaliza kusahihisha. Madaftari hayo yamesharudi kwa wenyewe, yakaja mengine, na barua ikabaki palepale.

Sikutaka kujua kwamba anafurahi.

Leo saa tatu asubuhi nimesikia hodi. Nimefungua, ni Mama Skola mwenyewe, vumbi la barabara ya Kahama limemjaa mpaka kwenye nyusi, kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Skola amekufa?"

Nilibaki nimeshika komeo.

"Tangu Pasaka sijasikia neno," akasema. "Kama amekufa niambie nikiwa bado nimesimama."

"Hajafa, mama. Yu mzima. Barua yake imefika juzi."

Juzi. Neno hilo lilitoka lenyewe, laini kama siagi. Mama Skola alikaa chini palepale kizingitini, kikapu bado kichwani, akawa anasema kwa Kisumbwa maneno ambayo mengine nimeyaelewa kwa sababu Kisukuma chetu kinafanana nacho. Alikuwa anamshukuru Mungu. Kisha akanishukuru mimi.

Nilimpa maji ya kunawa na uji. Nikaingia chumbani, nikaitoa bahasha chini ya madaftari, nikaifungua. Barua yangu nikaitia mfukoni bila kuisoma. Ya mama nikatoka nayo.

Skola anajua kuandika. Hilo silikatai. Alianza na salamu za kila mtu kwa jina, hadi ng'ombe. Halafu akaandika hivi:

"Mama, uliuliza kazi yangu huku ni nini. Ninatafuta nyota changa. Nyota hazizaliwi moja moja. Zinazaliwa nyingi pamoja, kundi zima, ndani ya wingu kubwa la hewa na vumbi. Zikiwa changa hatuzioni, kwa sababu lile vumbi limezifunika na mwanga wake haupiti. Kwa miaka mingi watu walitazama mahali hapo wakaona giza, wakadhani hakuna kitu."

Mama Skola alikuwa ameacha uji. "Ehe," akasema.

Nikageuza ukurasa.

"Ni kama tanuri la mkaa. Ukishalifunika kwa majani na udongo, moto huuoni. Lakini sogeza kiganja, utaujua uko wapi. Nasi tuna chombo kinachosikia joto la nyota kupitia vumbi. Pale penye giza tukakuta kundi zima la nyota, zimekaa kama vifaranga."

Hapo nikanyamaza.

Tanuri ni langu.

Baba yangu alikuwa mchoma mkaa kwenye pori lililo nje ya Nyahanga. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kulinda tanuri, nilizunguke, nisogeze kiganja, nikikuta mahali moto unakaribia kutoboa niongeze udongo. Nina kovu kwenye kidole cha shahada. Mwaka juzi nilikuwa nafundisha kidato cha tatu kuhusu joto na mwanga, jinsi joto linavyosafiri bila kuonekana, nikawaambia wasichana habari za tanuri. Skola alikuwa amekaa dawati la nyuma akisubiri kipindi chake. Alicheka akasema, "Kabula, huo mfano ni mzuri, usiupoteze." Kwao wanalima mpunga. Skola hajawahi kuchoma hata gunia moja la mkaa.

"Mbona umenyamaza?" mama akauliza. "Kuna baya?"

"Hapana, mama. Mwandiko umebanana."

Nikaendelea kusoma, kwa sauti ileile, macho kwenye karatasi, maneno ambayo hayakuwapo:

"Mfano huu nilifundishwa na mwenzangu Kabula."

Ningeishia hapo pengine ningejisamehe. Sikuishia hapo.

"Kabula ana akili kuliko mimi."

Mama Skola akainua mkono. "Rudia."

Ikabidi nirudie neno kwa neno, na hakuna karatasi ya kunikumbusha. Nilirudia. Nadhani nilipatia.

"Skola ndiye aliyeandika hivyo?"

"Ndiyo, mama."

Akainamisha uso. Mimi nikawa nahesabu michembe iliyomwagika karibu na mguu wake. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamejaa.

"Mwanangu yule hajawahi kumsifu mtu," akasema. "Tangu mdogo. Akifundishwa kitu leo, kesho anasema alizaliwa nacho. Nilikuwa naogopa, nikasema huko aendako atazidi. Kumbe wamemfunza."

Akajifuta kwa ncha ya kanga. Akacheka kidogo peke yake. Katika barua nzima, yenye salamu na nyota na habari za kufaulu mtihani wa kwanza, maneno yaliyompendeza kuliko yote yalikuwa ya zile sentensi mbili ambazo binti yake hakuziandika.

Niliendelea kusoma ili nisimwangalie. Skola aliandika kwamba nyota hizo zikikua, zile kubwa na kali hupuliza lile wingu likaondoka. Na wingu ndilo lenye uzito mwingi, uzito wake ndio unaozishikilia pamoja. Likiondoka, nyota nyingi huanza kuachana zikiwa bado changa, kila moja inashika njia yake. "Ndiyo maana makundi mengi hatuyahesabu," aliandika. "Mengine bado yamefunikwa. Mengine ni madogo, yako mbali, nyuma yake kuna nyota nyingi mno, ukitazama hupati mpaka. Mengine yameshatawanyika, nyota zake zimechanganyika na nyingine, huwezi tena kujua zipi zilizaliwa pamoja. Kilimia, kile kikundi cha nyota mnachokitazama mkingoja msimu wa kulima, ni katika machache yaliyobaki."

"Na Kilimia nacho kitaachana?" mama akauliza.

Hilo halikuwa kwenye barua. Nilijibu mimi. "Nacho kitaachana, mama. Lakini baada ya miaka mingi isiyohesabika."

"Basi tulime kabla," akasema, akachukua kikombe chake cha uji.

Nilicheka. Kwa dakika moja nilisahau nilichofanya.

Kisha akataka tumjibu. Nilitoa karatasi ya bluu ya barua za ndege, ile inayokunjwa ikawa bahasha yenyewe, nikakaa mezani. Yeye akasimama nyuma yangu, mkono kwenye bega langu, akaanza kusema. Mvua bado. Mdogo wake amechumbiwa. Mjomba wake amelazwa hospitali ya Kolandoto, mguu, na yeye mama leo anapitia huko kumwona kabla ya kurudi. Nikaandika yote. Halafu akasema:

"Sasa andika hili vizuri. Mwambie, nimefurahi umemtaja mwenzako. Mtu anayesema hili nilifundishwa na fulani, huyo ni mtu kweli. Wengi nimewalisha, lakini leo ndiyo nimejua nimelea."

Kalamu ilisimama.

Nikiyaandika hayo, Skola atayasoma Ulaya, atajiuliza ni wapi alipomtaja mwenzake, na atajua mara moja. Atanicheka. Tena atanihurumia, na huruma ya Skola siiwezi.

"Mbona huandiki?"

Mama Skola hajui kusoma, ila anaona kalamu ikitembea au ikisimama. Kwa hiyo nikaitembeza. Niliandika: "Mavuno ya mwaka jana hayakuwa mabaya. Sote tunakuombea. Jihadhari na baridi."

Nikamsomea yale aliyoyasema yeye.

Akaridhika. Akachukua kalamu kwa ngumi, akachora msalaba chini ya karatasi, polepole, mistari miwili, jasho likimtoka. Hiyo ndiyo sahihi yake. Akaniwekea mkono kichwani kama alivyokuwa akiniwekea mama yangu, akasema, "Mungu akulipe, mwalimu," akaondoka kwenda stendi kutafuta gari la Kolandoto.

Nikabaki na nyumba, na kikapu cha michembe.

Hapo ndipo nilipotoa barua yangu mfukoni. Nusu ukurasa. Ananiuliza kwa nini nimenyamaza, kama nimeolewa au naumwa. Anasema hana mtu wa kuzungumza naye Kiswahili, kwamba usiku hujisemesha mwenyewe akiosha vyombo. Kisha: "Nilitoa maelezo mbele ya darasa, nikatumia tanuri la mkaa. Profesa alipenda, akanisimamisha nirudie mbele ya wote. Nimekuwa maarufu kwa tanuri."

Basi. Hakuna neno jingine. Hata kwangu mimi, mwenye tanuri, hakusema ni la nani. Nadhani hata hakumbuki. Hilo ndilo limeniuma zaidi, kwamba huenda hajaiba kwa makusudi. Limeingia tu kichwani mwake likawa lake.

Nilikasirika mpaka nikasimama. Nikasema moyoni, vema, mama yake ameambiwa ukweli japo si kwa mkono wa binti. Tanuri ni langu, nimejirudishia. Nani nimemwibia?

Nikaitazama ile karatasi ya bluu mezani.

Ule msalaba. Alivyotoka jasho kuuchora. Na juu yake kuna "jihadhari na baridi," maneno yangu, mahali pa maneno yake mazuri kuliko yote aliyosema leo. Mimi ninayelia kwamba mtu aliyesoma amechukua maneno yangu bila kusema, nimechukua maneno ya mama asiyeweza hata kuhakikisha.

Sikutafakari zaidi. Nilichukua karatasi, barua na kalamu, nikatoka bila kufunga mlango.

Alikuwa bado stendi, amekaa juu ya gunia la mtu kwenye kivuli cha lori, viatu amevivua. Gari la Kolandoto lilikuwa linajazwa. Nilichuchumaa mbele yake. Nilikuwa nahema.

"Mama, yale maneno kuhusu mimi hayamo kwenye barua. Niliyaongeza mimi."

Alinitazama kama vile nimezungumza Kizungu.

"Na barua haikufika juzi. Ina miezi miwili. Nilikuwa nayo ndani."

Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Alitazama lori, akatazama miguu yake. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo, si kwangu hasa, "Kumbe hajabadilika."

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Asubuhi nilikuwa nimempa mtoto mpya. Sasa nilikuwa nimekuja kumnyang'anya.

"Soma tena," akasema. "Soma kilichomo tu."

Nilisoma, pale chini, watu wakitupita na mizigo. Nilisoma salamu zote, ng'ombe, wingu, vumbi. Nilipofika kwenye tanuri nilisoma kama lilivyoandikwa, nikavuka. Mkono wake ukashika wangu.

"Hapo. Huo mfano ni wako kweli, au hilo nalo umeongeza?"

"Ni wangu, mama. Baba yangu alikuwa mchoma mkaa."

Akageuza mkono wangu, akaliona kovu la kidole, akaligusa kwa dole gumba.

"Nafasi imebaki kwenye karatasi?"

"Pembeni imebaki."

"Basi andika. Skola, mama yako anauliza, tanuri la mkaa ulifundishwa na nani? Nataka jibu lako, si la mtu mwingine." Alisubiri kalamu ifike mwisho. "Nisomee."

Nikamsomea. Alikuwa ananitazama mdomo, si karatasi.

"Sasa andika na lako. Andika barua ilikaa miezi miwili, ajue si mimi niliyekawia."

Nikaandika hilo pia, herufi ndogo, kuzunguka ukingo wa karatasi, kwa jina langu. Nikaongeza bila kuambiwa kwamba nilimdanganya mama yake nikajisifu. Nikafuta "jihadhari na baridi." Kisha nikaikunja karatasi na kuigundisha. Kondakta akawa anapiga bati, gari linaondoka.

Mama Skola alivaa viatu. Nilimshika mkono kupanda. Akiwa mlangoni akageuka.

"Ile michembe usiilaze kwenye kikapu, itaota ukungu. Ianike."

Ndivyo alivyoagana nami. Sijui kama amenisamehe. Labda amenisamehe nusu, kiasi cha michembe.

Posta ilikuwa imefungwa, nikaitumbukiza kwenye sanduku la nje. Nikasikia ikigonga chini. Haiwezi kutoka tena.

Sasa nimeianika michembe juu ya ungo, nimekaa, naandika. Unategemea nikuambie, daftari, kwamba wivu umeisha. Haujaisha. Umehama. Mchana nilidhani ninamwonea Skola wivu wa darubini, koti na picha ukutani. Kumbe sasa namwonea wivu wa mama. Mama aliyekuja kutoka Ushirombo ili aambiwe kama mtoto amekufa, na alipokuta yu hai, hakumwachia hata mfano mmoja wa kuazima bila kuuliza mwenye mfano huo ni nani. Wangu alikufa nikiwa darasa la sita. Hakuna anayeniuliza maswali ya namna hiyo. Ndiyo maana labda nilihitaji kujisifu mwenyewe, kwa sauti ya mtu mwingine.

Hilo si kisingizio. Nimeliandika kwa sababu ni kweli.

Jumatatu kipindi cha kwanza nina kidato cha tatu. Nimeamua nitawafundisha habari hizi za nyota changa, jinsi zinavyozaliwa zimefunikwa, jinsi zinavyoachana, kwa nini nyingi hatuzioni. Nitasema ya tanuri ni yangu. Na nitasema haya mengine yote niliandikiwa na Mwalimu Skola, ambaye sasa anayajua kuliko mimi.

Maneno hayo ya mwisho nimeyajaribu mara mbili hapa peke yangu, kwa sauti. Mara ya pili yametoka vizuri zaidi. Lakini wasichana wa kidato cha tatu hawasikilizi maneno tu, wanamtazama mwalimu usoni, na uso wangu bado sijaufundisha.